Ndugu wa Damu wa Mtoaji

...na ndiyo kwanza ndizi ya nne hii, mikono imeshajaa utomvu ingawa nimejipaka mafuta mpaka kwenye viwiko, ndizi za soko la Tooting, hapa London, sijui huzikata lini huko zinakotoka, zinafika zimenuna, maganda hayabanduki, na mume wangu Aikaeli ameketi pale mezani na miwani yake puani na ile fomu ya kliniki mbele yake, nimemwambia acha nimalize kumenya nitaijaza mwenyewe, akasema wewe endelea na mtori wako, Mama Evans, mimi nasoma wewe unajibu, mikono yako hiyo utaichafua karatasi ya watu, na kweli ningeichafua, lakini ningeijaza mwenyewe nisingelazimika kusema kwa mdomo, uongo wa kalamu hauna sauti, na mimi sauti ndiyo hunisaliti... jina kamili anaandika bila kuniuliza, tarehe ya kuzaliwa anaijua, kundi la damu, O, umewahi kuongezewa damu, hapana, umewahi kuugua homa ya ini, hapana, unavuta sigara, hapana na wewe unajua, we jibu tu, mama, najaza fomu sikugombezi, hapana basi, hapana, hapana, inatoka yenyewe sasa, na ya kumi na nne najua inakuja, niliisoma jana bafuni nimefunga mlango, nikaisoma na kuirudia mpaka maji yakapoa. Mtoaji maana yake ni mimi. Wananitoboa nyonga, wanafyonza uboho, na ndani ya uboho kuna hizo seli shina, seli ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, ndivyo alivyonieleza Aikaeli usiku ule aliporudi na makaratasi ya maktaba, macho yanang'aa, zinaweza kuwa damu, zinaweza kuwa mfupa, zikilelewa vizuri zinaweza hata kuwa ubongo, wanazilea wiki tatu halafu wanamchoma mtoto wetu Evans kwenye uti wa mgongo, zinapanda zenyewe hadi kichwani, zinakwenda palipoharibika zinapatengeneza, nikamwuliza zimeelekezwa njia na nani, hakupenda swali langu, akasema wewe siku zote una ulimi mkali wa kwenu Kibosho. Yeye kisukari kimemtoa, hiyo kliniki ya ng'ambo haimtaki, kwa hiyo nimebaki mimi, mfupa wangu, nyonga yangu, na kile kiwanja cha Boma Ng'ombe ambako tungejenga tuzeekee kimeshauzwa tulipie tiba, na faksi inatakiwa kesho Jumatatu kabla ya saa sita.

Kumi na nne, anasema, na anaisoma kwanza kwa Kiingereza, halafu anaitafsiri kwa ile sauti yake ya mzee wa kanisa, je, yupo ndugu wa damu wa mtoaji, mzazi, kaka, dada, mjomba au shangazi, aliyewahi kuugua ugonjwa wa... na ndege inapita, namshukuru Mungu kwa Heathrow, miaka yote naitukana leo naishukuru, hapa Hayes tumezoea kunyamaza katikati ya neno, ndege ikipita mtu anaganda na mdomo wazi, ikishapita anamalizia, hata msibani tunafanya hivyo, na Aikaeli ameganda, kidole kwenye mstari, na mimi nina hizi sekunde zangu chache, kaka, wamesema kaka, kaka yangu Laurean aliyekuwa ananibeba mabegani kwenda misa, Laurean wa kidato cha tano, hesabu zote zilikuwa kichwani mwake, mwalimu akikosea ubaoni anamsahihisha kwa adabu, akarudi likizo moja hataki kula kwa sababu redio ya jirani inamtaja kwa jina, akaanza kuingia nyumba za watu kuzima redio, watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, baba akampeleka Mirembe, Dodoma, kwa gari la misheni, mikono imefungwa kwa khanga ya mama, aliivua kiunoni mwenyewe akawapa, na tangu siku ile nyumbani kwetu tukawa na jibu, Laurean yuko wapi siku hizi, yuko Dodoma, anafanya nini huko, yuko serikalini, na ni kweli alikuwa Dodoma na ile ni hospitali ya serikali, mama yangu hakuwahi kwenda kuungama uongo ule kwa sababu aliupima akaona si uongo, na miaka ile makao makuu ndiyo kwanza yanahamia kule, kila mwenye bahati anahamishiwa Dodoma, nani angeshangaa, majirani wawili watatu waliojua walikuwa na vya kwao vya kuficha. Akatulia kidogo huko, akatuandikia barua, mwandiko uleule mzuri, anaomba rula na vitabu vya hesabu. Hatukumpelekea. Mama alisema vitabu ndivyo vilivyomharibu.

...ugonjwa wa akili, anamalizia Aikaeli, ndege imekwenda, haya, hapana, siyo? na kalamu anaishusha, halafu anaiinua tena kwa sababu ni yeye, kwa sababu huyu bwana hata stakabadhi ya maziwa hasaini mpaka aisome, anasema hapa wanataka mtoaji ajibu mwenyewe, mimi nasaini chini kama shahidi, siwezi kushuhudia nisichokisikia, Mama Evans, useme. Namwambia subiri niiokoe ndizi hii inaangukia kwenye maganda. Anasema sawa, anageuza ukurasa, anasema ngoja, hapa nyuma wameeleza kwa nini wanauliza, anasoma kimoyomoyo, midomo inacheza, na mimi nimeshayasoma hayo ya nyuma, mtoaji ambaye ukoo wake una historia hiyo hawampokei, uboho wake hautumiki, basi, mistari miwili, hakuna mahali pa kukata rufaa. Hapana ya mama yangu naikumbuka, walikuja washenga wa Machame, wazee wawili na shangazi yake Aikaeli, yule wa macho makali, wakapewa mbege, wakanywa, wakauliza taratibu kama inavyoulizwa, huku kwenu kuna ukoma, hakuna, kuna kifafa, hakuna, kuna wazimu, na mimi nipo nyuma ya mlango nasikiliza, na mama anasema hapana huku anajaza kata ya mgeni, hata mkono haukutikisika, tone halikumwagika, yule shangazi akauliza na huyu kijana wenu wa kwanza je, yuko Dodoma, ah, serikalini, wakatikisa kichwa kwa heshima, na hiyo hapana ndiyo iliyoniozesha, ndiyo iliyonipandisha ndege kuja na mume mwenye masomo yake, masomo yenyewe yakaishia kupakia mizigo kwenye maghala ya uwanja wa ndege, sawa, lakini ndiyo iliyonileta, ndiyo iliyomzaa Evans, mama angesema kuna, nisingekuwa nimesimama hapa na Evans asingekuwepo kabisa, nifanye nini na jambo kama hilo, nishukuru au nitapike. Na Laurean alipokufa, mwaka wa themanini na nne, Evans ana miaka miwili, telegramu ikaja, nikamwambia Aikaeli ni ajali ya gari barabara ya Morogoro, akanishika bega, akaniombea, akasema serikali imepoteza mtu. Nikasema asante.

Sikiliza huyu, anasema Aikaeli, sikiliza, Mama Evans, kijana wa miaka ishirini na tisa, aliugua miaka tisa, alikuwa hatoki chumbani, miezi minne baada ya matibabu amerudi chuoni, picha hii hapa, na ananionyesha kwa mbali kwa sababu ya mikono yangu, kijana na mama yake, wote wana meno meupe, na mimi namwona yule mama tu, shavu lake limegusa la mwanawe, na naomba nimchukie siwezi, maana na mimi nataka, nani kasema sitaki, nataka Evans aliyekuwa anaiga sauti za wachungaji wote mpaka baba yake anakwenda kucheka chooni asionekane, nimemkosa mtoto yule miaka minne na bado yuko humu humu ndani, juu pale, analala saa kumi na nne, ile sindano ya kila wiki mbili imemnyamazisha kila kitu, imezima sauti na imemzima na yeye, amenenepa, mkono unatetemeka, kijiko kinagonga bakuli, na nikisikia kile kijiko naondoka jikoni. Jaswinder, yule muuguzi anayekuja kumchoma, alikaa kiti hichohicho alichokalia Aikaeli, nikamwonyesha makaratasi, akayasoma yote, hakuniharakisha, akasema kwa ugonjwa huu bado hakuna aliyethibitisha kwa binadamu, wamefanya kwa panya, watafiti wa kweli wanazitumia hizo seli maabara wauelewe ugonjwa kwanza, hawa wenye picha za meno meupe waulize wagonjwa mia moja wengine wako wapi, na seli ikipotea njia kichwani inaweza kuota uvimbe, nakwambia kama mama mwenzangu, usimpeleke, na nilimsikia vizuri, na bado usiku nilipolala nikawaonea wivu mama za panya. Aikaeli akasema yule binti analinda kazi yake, mtoto akipona atamchoma nani. Na Evans mwenyewe tulimwambia wakati wa chakula, baba yake ndiye aliyeeleza, kwa Kiswahili kirefu cha mimbari, Evans akasikiliza mpaka mwisho, akanigeukia mimi, akasema, "So it's your cells, Mum. Whose head will it be, then?" na baba yake akasema kichwa chako, kitakuwa cha nani kingine, kula chakula, na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka kwa sababu niliogopa, kichwa kitakuwa cha nani, uboho wangu na Laurean ni wa chungu kimoja, wakinifyonza mimi wanamfyonza na yeye, wanamchukua Laurean na redio zake wanamlea wiki tatu wanampandisha kwenye uti wa mgongo wa mwanangu, tiba gani hiyo, lakini hapo hapo najiuliza, ana nini Evans ambacho hakunyonya kwangu tayari, nilimbeba miezi tisa, nilimpa damu ile bila fomu na bila shahidi.

Basi sema tumalize, anasema, bado kurasa mbili. Kwetu hakuna kitu kama hiki, ndivyo alivyosema mwaka ule ugonjwa ulipoanza, kwenye korido ya hospitali, Evans kashikwa na polisi wawili anawaambia wamtoe waya masikioni, Aikaeli kasimama na koti la kazi, kitu cha kwanza kilichomtoka, sio maskini mwanangu, sio Mungu wangu, kwetu hakuna kitu kama hiki, na mimi nikajibu papo hapo, na kwetu pia hakuna, tumesimama pale kama mashabiki wa timu mbili, kila mmoja anatetea lango lake na mtoto yuko katikati anapiga kelele, na kwa kuwa kwake hakuna na kwangu hakuna ikabidi kitoke mahali, akaamua ni bangi, marafiki wa chuo na bangi, akamwambia, amemwambia sijui mara ngapi, ulijichoma ubongo mwenyewe, na mimi nipo, mimi nakoroga chungu, nasikia, nanyamaza, bangi ilinifaa. Na usharikani Evans yuko Manchester, kampuni ya kompyuta, mimi ndiye niliyeanza, Jane wifi yangu aliuliza mlangoni mwa kanisa, mbona Evans haonekani, na mdomo wangu ukasema yuko Manchester, ukasema vizuri kabisa, hata Aikaeli akaniangalia kwa shukrani, na hakuna aliyenifundisha, nilifundishwa zamani nyuma ya mlango, kila mji una Dodoma yake, na hii kliniki, najiambia ngoja, Marcelina, ngoja kidogo uiangalie, hii kliniki ya ng'ambo nayo ni nini, wiki sita mbali, chumba cheupe, wanatuahidi watamrudisha anayefaa kuonyeshwa kwa Jane, na kama hakurudi hivyo tutasema bado yuko huko, yuko kwenye kozi, khanga ya mama safari hii ni tiketi ya ndege, na mtu wa kumfunga ni mimi. Sijui kama ni haki kujisema hivyo. Nampenda mtoto yule. Mama naye alimpenda Laurean, aliitoa khanga kwa sababu kamba ingemchubua.

Mama Evans, anasema, mbona umesimama na kisu, na sauti yake si ya mimbari tena, umechoka, anauliza, kaa, na hapo ndipo ingekuwa rahisi, angenigombeza ingekuwa rahisi zaidi, lakini amevua miwani, macho yake bila miwani ni ya yule kijana wa Machame, na ananitazama, ana matumaini, mwanaume mzima wa miaka hamsini na tano ana matumaini usoni kama alivyokuwa siku ya arusi, na naweza kumpa, neno moja, hapana, anaandika, anasaini, kesho faksi, na wakimchoma Evans likatokea la kutokea hakuna atakayejua, madaktari watasema haikushika, uvimbe watasema ni bahati mbaya, nitajua mimi tu, nami nimeshazoea kujua mimi tu... na nikisema kuna, kliniki inafunga mlango, kiwanja kimeondoka bure, na miaka ishirini na saba ya ndoa Aikaeli ataifukunyua siku moja moja kutafuta nilimdanganya nini kingine, na Jane atajua kabla ya Jumapili ijayo, na Evans atabaki na kijiko chake kinagonga bakuli, pande zote mbili ni mbaya, nimezipima usiku kucha, nilikuwa nimeamua, asubuhi kanisani nilikuwa nimeshaamua hapana, mimi niliyelelewa Mkatoliki nikapokea na sakramenti ya Walutheri ya watu... lakini Jumanne, kwa nini nakumbuka Jumanne sasa, sikutaka kuikumbuka, Jumanne nilikuwa nafanya usafi wa friji hii hii, Evans akashuka, alikuwa mzima siku ile, mzima kwa maana ya macho kutulia, akasimama na kikombe chake, akauliza, "Mum, is there anyone else? In the family. Like me?" na alikuwa amejipanga, nilijua amejipanga kuuliza, kwa vile alivyokuwa amekishika kile kikombe kwa mikono miwili kisitetemeke, na mimi nikasema hakuna, mwanangu, upesi, bila tone kumwagika, akasema, "So it's just me. I did it to myself," hakulia, hakukasirika, alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa jibu la hesabu na jibu ni lile alilokuwa nalo, kisha akakiosha kikombe, miezi mingapi hajaosha chombo, akakiosha, akakikausha, akapanda juu, na mimi nikaendelea na friji.

Nikaendelea na friji, Marcelina, na leo nahesabu kliniki na Jane na miaka ya Aikaeli na sikumhesabu yeye, amekaa juu pale miaka minne anajihukumu kwa bangi ya mwaka mmoja ambayo nusu ya darasa lake walivuta wakawa wanasheria, na mimi ninayo dawa ndogo, haiponyi, haifyonzwi mfupani, ni jina la mtu tu, na nimemnyima, nimemnyima kuliko Laurean alivyonyimwa rula. Seli zangu ziwe zinafaa au hazifai, hata Jaswinder hajui, hata wenye kliniki hawajui, wanajua picha, lakini hili ninalijua mimi, hili halingoji mtafiti. Naam, anasema Aikaeli, amevaa tena miwani, kalamu iko juu ya kile kisanduku, naam, Mama Evans, nauliza mara ya mwisho, yupo au hayupo, na ndizi ya nne bado iko mkononi haijamalizika, na mimi navuta pumzi, sitasema la kuandikwa kwenye kisanduku, Aikaeli atalisikia hapo alipo na nyumba ianguke kama inataka kuanguka, nitaisema kwa nguvu, mlango wa jikoni uko wazi na ngazi za nyumba hii ni za mbao, sauti inapanda hadi chumbani kwake, ulikuwa na mjomba, Evans, anaitwa Laurean, mwalimu akikosea ubaoni alikuwa anamsahihisha kwa adabu, hukujifanyia, mwanangu, mlikuwa wawili, tulimficha yeye tukakuacha wewe ukae peke yako.